Ruta inapokea alamu ya mbali, kampuni inasema laini ni safi: nani mkweli?

Swali: *Mtaalamu, salaam. Tawi letu limeunganishwa na makao makuu kwa laini ya E1 (ya kidijitali, megabiti 2 kwa sekunde) inayoingia kwenye ruta ya Cisco. Tangu juzi intafesi iko chini. Amri ya `show controllers e1` inaleta maneno "Receiver has remote alarm", basi. Kebo ya kati ya ruta na kisanduku cha kampuni ya laini nimeibadilisha mara mbili, ruta nimeizima na kuiwasha mara nne. Kampuni imepima laini mara mbili ikasema ni safi. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba wiki iliyopita tulipanga upya kebo zote za kabati. Kabla ya hapo nilikuwa naona "Slip Secs" zikiongezeka, na sasa kuna taa ya manjano kwenye ruta. Mwezi ujao tunahamia fiba. Niendelee kuhangaika au nisubiri?*

Usisubiri, ndugu yangu. Kwa maelezo uliyotoa, nashuku kosa liko ndani ya kabati lako, kwenye kebo ya mita moja au mbili, na kwamba wewe na kampuni wote mnasema kweli. Lakini kabati sijaliona, kwa hiyo nitakupa njia ya kulithibitisha mwenyewe.

Tuanze na maneno uliyoyaona. Wengi wakikuta neno "alarm" kwenye skrini ya ruta yao hudhani ruta inalalamikia jambo inaloliona yenyewe. Alamu ya mbali haiko hivyo. Chukulia uko kwenye simu na mtu. Unamsikia vizuri kabisa, naye anarudia, "Haloo? Haloo? Sikusikii!" Sikio lako ni zima, na mdomo wake ni mzima. Kilichokufa ni njia ya sauti yako kumfikia yeye. Alamu ya mbali, ambayo kwenye vitabu huandikwa RAI na kwenye laini za T1, ndugu wa E1 wa Marekani, huitwa alamu ya manjano, ndiyo hilo "sikusikii". Imetumwa na upande wa pili, nawe umeipokea. Na kama umeipokea, basi njia ya kuja kwako inafanya kazi: ishara ipo, fremu (mafungu ya biti) zinasomeka, na hata biti moja iliyobeba ujumbe huo imefika salama.

Nikisema biti moja simaanishi kwa mfano. E1 hubeba fremu 8,000 kila sekunde, na kila fremu ina nafasi 32 za biti 8. Ndiko zinakotoka zile biti 2,048,000 kwa sekunde. Nafasi namba 0 haibebi data yako hata kidogo. Katika fremu moja hubeba alama ya kujipangia, 0011011, na katika fremu inayofuata hubeba biti za shughuli nyingine, ambapo biti ya tatu ndiyo ya "sikusikii". Ikiwa 0, mwenzio anakusikia. Ikiwa 1, amekupoteza. Kwa hiyo ulipoyasoma yale maneno manne kwenye skrini ulikuwa tayari umewaondoa nusu ya washukiwa: jozi ya kupokea, kipokezi cha kadi yako, na njia nzima kutoka makao makuu kuja kwako. Hao waache. Tunamtafuta aliyeziba njia ya kwenda.

Alamu nyingine tatu zisikilize kwa sikio hilohilo. LOS ni ukimya: hakuna chochote kwenye waya unaokuja kwako. LOF ni kusikia sauti bila kuelewa lugha: biti zinaingia lakini ruta haioni fremu inapoanzia, na mara nyingi hapo ni mipangilio ya pande mbili isiyolingana. AIS, au alamu ya buluu, ndiyo inayowachanganya wengi. Ni mfululizo wa 1 tupu bila fremu, na hutumwa na kifaa kilicho katikati ya njia baada ya kifaa hicho kupoteza ishara kutoka nyuma yake. Ni kama opereta anayeingia kwenye mazungumzo na kusema, "Mimi nipo, ila niliyekuwa nakuunganisha naye amenyamaza." Ukipata AIS, waya kati yako na opereta huyo ni mzima, na tatizo liko nyuma yake.

Sasa tumia ujuzi huo. Mpigie mtu wa makao makuu, hata kama si fundi, akusomee neno kwa neno kile ruta yao inachoonyesha. Wao ndio wasiosikia, kwa hiyo skrini yao ina habari nyingi kuliko yako. Wakisema LOS, ukimya uko kwenye kipande cha mwisho cha waya kwao. Wakisema LOF, ishara yako inafika lakini haisomeki, na hilo nitalirudia. Wakisema AIS, basi kuna kifaa cha kampuni, pengine kile kisanduku kilicho ukutani kwako, kinachowaambia kwamba hakipati kitu kutoka kwako. Mimi ningetarajia AIS. Ukiipata, mshukiwa wa kwanza ni kebo kati ya ruta na kisanduku, mshukiwa wa pili ni kitumaji cha kadi yako.

"Lakini kebo nimeibadilisha mara mbili." Najua. Swali langu ni hili: kebo zote tatu, iliyowekwa wakati wa kupanga kabati na zile mbili ulizojaribu, zilitoka kwenye mfuko mmoja?

Nauliza kwa sababu plagi ya E1 ya aina ya RJ inafanana mno na ya kompyuta, ina pini nane zilezile, ila kazi za pini ni tofauti. Kwenye kadi ya E1 ya ruta yako, pini 1 na 2 ni za kupokea, pini 4 na 5 ni za kupeleka. Ethaneti ya megabiti 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6, nyingine hazina kazi. Kwa sababu hiyo kuna kebo fupi, hasa zile nyembamba za bei rahisi, zilizotengenezwa na nyaya nne tu. Ukiichomeka kati ya kompyuta na swichi inafanya kazi kwa megabiti 100 bila lawama. Ukiichomeka kwenye E1, jozi ya 1 na 2 inapita, kwa hiyo unasikia kila kitu. Jozi ya 4 na 5 haipo kabisa, kwa hiyo hakuna anayekusikia. Utakachoona ni alamu ya mbali peke yake, bila LOS wala LOF. Na ukiitoa ukaweka nyingine ya mfuko uleule, utaona hivyohivyo, uape kwamba kebo si tatizo.

Plagi nyingi ni za plastiki inayoonyesha ndani. Ishike kwenye mwanga, klipu ikitazama chini na meno ya shaba juu, uhesabu kutoka kushoto. Kama nafasi ya 4 na ya 5 hazina waya, umeshampata. Tafuta kebo yenye nyaya zote nane, iliyonyooka, yaani pini 1 kwa 1 mpaka 8 kwa 8. Isiwe ile ya kukingamana ya Ethaneti, kwa sababu hiyo hupeleka pini 1 na 2 kwenye 3 na 6. Ukiiweka utapata ugonjwa wa upande mwingine: utasikika vizuri lakini wewe hutasikia kitu, na LOS itawaka kwako.

Kama kebo ina nyaya nane na bado alamu ipo, acha kubahatisha, piga lupu. Lupu ni kuirudisha ishara ilikotoka ili ruta ijisikie yenyewe. Chukua plagi tupu ya pini nane, unganisha pini 1 na 4, kisha 2 na 5, kwa vipande viwili vya waya. Kabla ya kuichomeka, iambie ruta itumie saa yake ya ndani (mapigo yanayopanga mwendo wa biti), `clock source internal`, kwa kuwa hakutakuwa na saa inayotoka kwenye laini. Chomeka plagi moja kwa moja kwenye kadi. Ndani ya sekunde chache alamu inapaswa kuondoka na kidhibiti kusema kiko juu. Ikibaki chini, kadi ndiyo mgonjwa, na kampuni ya laini ilikuwa haihusiki tangu mwanzo. Ikipanda, kadi ni nzima. Irudishe kebo kwenye kadi na uiweke plagi ya lupu kwenye ncha ya pili ya kebo kwa kutumia kiunganishi cha tundu kwa tundu (hakikisha nacho kina nyaya nane, kuna vyenye nne!). Ikishuka hapo, kebo imehukumiwa. Ikibaki juu, umethibitisha kila kitu mpaka mlangoni pa kampuni, na sasa una haki ya kusema nao kwa sauti.

Ukitaka uhakika zaidi wakati lupu ipo, badilisha ufungaji wa pakiti kuwa HDLC kwa muda. PPP, aina nyingine ya ufungaji, haitakubali kupanda, na si kosa lake: kila upande hutuma namba ya bahati nasibu ya kujitambulisha, na ruta ikiona namba yake mwenyewe inarudi inajua inazungumza na kioo. HDLC itapanda na kuandika "up (looped)". Ipigie ping anwani ya intafesi hiyohiyo, pakiti 1,000 za baiti 1,500. Pakiti zikirudi zote, na vihesabio vya makosa vikabaki sifuri, hapo ndipo unasema "safi" kwa ushahidi.

Na kampuni je, walidanganya? Hapana. Walipopima, waliweka lupu kwenye kisanduku chao kwa kuielekeza kwao: ishara ilitoka kituoni, ikafika kisandukuni, ikarudi. Wamepima barabara yao mpaka kizingiti cha mlango wako, na barabara ni nzima. Kebo yako na kitumaji chako havikuwa sehemu ya kipimo hicho hata kidogo. Ukiwapigia tena, usiseme "pimeni laini", maana watarudia walichofanya na kukupa jibu lilelile. Sema: "Naomba lupu kwenye kisanduku, ielekee kwangu." Kisha utazame ruta yako. Alamu ikiondoka, kila kitu kutoka kadi mpaka ndani ya kisanduku kinafanya kazi, na ukimya uko mbele zaidi.

Neno moja la tahadhari kuhusu lupu, kwa sababu lilinigharimu usiku mzima. Niliwahi kushughulikia laini iliyorudishwa baada ya matengenezo: taa za kijani, intafesi juu, hakuna alamu hata moja, na hakuna pakiti hata moja inayovuka. Nilikagua njia za ruta, orodha za ruhusa, nikapekua mipangilio mstari kwa mstari. Alfajiri ndipo nilipousoma mstari wa kwanza wa intafesi mpaka mwisho, na pale mwishoni palikuwa na neno moja kwenye mabano: "looped". Fundi aliyepima mchana alisahau kuondoa lupu yake. Ruta yangu ilikuwa ikijisalimia na kujiitikia. Tangu siku hiyo nikimaliza kupima nauliza kwa mdomo, kila mtu ajibu, kama lupu yake imetoka. Nawe ukimaliza, rudisha pia `clock source line` na ufungaji wa awali.

Nilisema nitarudi kwenye LOF. Kama makao makuu wanasoma LOF huku wewe ukiona alamu ya mbali, linganisha mipangilio ya pande mbili kabla ya kugusa waya wowote. Kinachokosewa mara nyingi ni CRC4, hesabu ya kukagua makosa inayobebwa ndani ya fremu. Upande mmoja ukiitarajia na mwingine hauitumi, anayeitarajia hutafuta alama ambazo hazipo na kukutumia "sikusikii", wakati wewe unamsoma bila shida. Cha pili ni usimbaji wa laini, yaani namna biti zinavyogeuzwa kuwa mapigo ya umeme kwenye waya. HDB3 huziba kila mfululizo wa sifuri nne kwa mpangilio maalumu wa mapigo ili saa isipotee. AMI ya kawaida haifanyi hivyo. Pande zikitofautiana, laini inaweza kupanda na kuonekana nzima, kisha ikaharibika kila data yenye sifuri nyingi inapopita. Ndiyo maana laini yako ikirudi, ipige ping makao makuu kwa mchoro wa 0x0000 (sifuri tupu), halafu 0xFFFF (1 tupu). Zikipita za 1 na kufa za 0, huo ndio ugonjwa.

Slip Secs, yaani sekunde zenye mitelezo, ni ugonjwa tofauti, na nakusihi usiuchanganye na huu. Hazikuiangusha laini yako. Lakini zimekuwa zikila data yako taratibu, tena kwa hesabu inayoweza kufanywa kwenye kipande cha karatasi.

Ruta hupokea biti kwa mwendo wa saa ya aliyezituma na kuzisoma kwa mwendo wa saa yake. Saa mbili zisizofungwa pamoja hazilingani kamwe. Fremu moja ya E1 huchukua mikrosekunde 125. Tofauti ya saa ikilimbikizana mpaka ikafika hapo, ruta hulazimika kutupa fremu nzima au kuirudia, na huo ndio mtelezo. Kiwango cha E1 kinaruhusu saa kupotoka kwa 50 katika milioni. Saa yako ikipotoka kiasi hicho na ya mwenzako iko sawasawa, mnaachana kwa mikrosekunde 50 kila sekunde, na mtelezo unatokea kila baada ya sekunde 2.5. Ikiwa yeye naye amepotoka kiasi hicho upande wa pili, ni kila sekunde 1.25. Hata tofauti ya 1 katika milioni, ambayo ni ndogo mno, inaleta mtelezo kila baada ya sekunde 125. Kuvinjari tovuti hakutakuonyesha, kwa sababu TCP, kanuni inayosafirisha data za tovuti, hutuma upya kilichopotea na mtumiaji anaona mtandao mzito tu. Faksi na modemu ndizo hukatika.

Dawa yake ni kuamua nani anashika saa. Ikiwa mtandao wa kampuni unatoa saa, na kwa kawaida ndivyo, ruta zote mbili zinapaswa kuifuata laini. Ikiwa ni waya mtupu kati ya ruta mbili, moja itoe saa ya ndani na nyingine ifuate. Kosa la kawaida ni pande zote mbili kuachwa kwenye saa ya ndani, mara nyingi kwa sababu mtu aliipima kwa lupu akasahau kurudisha. (Umeona kwa nini nimekuandikia pale juu?) Angalia upande wa makao makuu pia, mtelezo unaouona kwako huenda umesababishwa na amri iliyo kule.

Sasa nikukaripie kidogo. Kuizima ruta mara nne hakukusaidia kitu, na kumekupotezea ushahidi. Kidhibiti cha E1 hutunza historia ya makosa kwa vipindi vya dakika 15, vipindi 96, yaani saa 24 kamili, na historia hiyo hufutika umeme ukikatwa. Humo ndimo ungeona alamu ilianza kipindi gani, na kama kilikuwa kile ambacho mkono wa mtu ulikuwa ndani ya kabati. Nakili kwanza, halafu ndipo uguse. Hata amri ya kusafisha vihesabio iendeshe baada ya kunakili. Na hakikisha saa ya ruta, sasa nasema ile ya tarehe na wakati, imesawazishwa na NTP (huduma ya saa ya mtandao), la sivyo logi yako na ya kampuni hazitakutana kamwe.

Ukisoma historia hiyo utakutana na "Unavail Secs", na inafaa uijue kabla hujaketi na kampuni kujadili malipo ya fidia. Laini huhesabiwa kuwa haipatikani baada ya sekunde 10 mfululizo zenye makosa makubwa. Ikikatika kwa sekunde 4, ikarudi, ikakatika tena baada ya dakika moja, kutwa nzima, hesabu ya kutopatikana itabaki sifuri, na ripoti yao itasema laini ilikuwa juu siku nzima. Watumiaji wako watasema laini ni mbovu. Wote wana haki. Ubishi wako uweke kwenye "Severely Err Secs" na "Errored Secs", huko ndiko mikatiko mifupi inakojiandika.

Taa ya manjano: tazama imekaa wapi. Kadi nyingi za E1 za Cisco zina taa tatu ndogo, AL, LP na CD. AL ni ya alamu, iwe yako au ya mbali, kwa hiyo sasa hivi ni lazima iwake. LP ikiwaka kuna lupu mahali. CD ya kijani inasema ishara inaingia. Kama taa uliyoiona iko kwenye uso wa ruta yenyewe, mara nyingi hiyo ni habari ya feni, joto au umeme, na haina uhusiano na "alamu ya manjano" ya laini hata kama rangi ni moja. Wala usipaniki kila unapoona rangi: ruta za Juniper, kwa mfano, huwasha alamu ndogo kwa sababu tu hujahifadhi mipangilio ya uokoaji, na huwasha kubwa, nyekundu, kwa sababu poti ya usimamizi haina kebo.

Kuhusu fiba. Itakuondolea mitelezo na pini za 4 na 5, lakini "sikusikii" utakutana nayo tena. Ethaneti ya gigabiti 10 ina kitu kilekile kwa majina mapya: kifaa kisichopokea vizuri hujiandikia kosa la karibu na kumtumia mwenzake taarifa ya kosa la mbali. Ukiona kosa la mbali, uzi wako wa kupeleka ndio wa kuangalia. Kwenye gigabiti 1 ya fiba taarifa hiyo husafiri ndani ya maelewano ya kiotomatiki, kwa hiyo fundi akikuambia myazime, muulize sababu. Yakizimwa, uzi mmoja unaweza kukatika na upande mmoja ukaendelea kuonyesha laini iko juu, ukimwaga pakiti shimoni.

Utakachofaidi kwenye fiba ni kwamba moduli nyingi (vipande vinavyochomekwa kwenye poti kutuma na kupokea mwanga) hupima mwanga na kukupa namba. Chukua moduli ya 10GBASE-LR, ya gigabiti 10. Kipokezi chake kinafanya kazi kati ya -14.4 na 0.5 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Tuseme mwenzako anatuma -2 dBm na fiba ina kilomita 8. Kwa mwanga wa nanomita 1310 fiba ya modi moja hupoteza takriban desibeli 0.35 kwa kilomita, hiyo ni 2.8, weka konekta mbili za nusu desibeli kila moja, jumla 3.8. Unatarajia kusoma karibu na -5.8. Ukisoma -13, laini bado iko juu na hakuna alamu yoyote, lakini desibeli 7 zimepotea njiani, maana yake unapokea kama moja ya tano ya mwanga uliostahili. Mara nyingi ni vumbi kwenye ncha ya konekta au fiba iliyokunjwa kwa pembe kali nyuma ya kabati. Safisha kwa kalamu maalumu ya konekta, usitumie shati, na usichungulie ndani ya uzi. Mwanga huo hauonekani kwa jicho lakini jicho linaweza kuumia.

Siku ya kwanza ya fiba, kabla hamjahamisha hata mtumiaji mmoja, andika namba nne na uzibandike ndani ya mlango wa kabati: mwanga unaotuma na unaopokea kwako, na vivyo hivyo kwa makao makuu. Kwa leo, itoe ile kebo, uishike kwenye mwanga, uhesabu nyaya.